Bawa la Nyuma

Jumamosi, tarehe kumi na sita mwezi wa tatu, mwaka wa elfu mbili na ishirini na nne, alasiri, bawa la mbele la hangari ya samaki lilishuka juu ya mke wangu Émilienne. Naitaja siku kamili kwa sababu wakubwa wetu hapa mjini Baraka wanapenda kuisema bila tarehe. Wao husema "ile siku ya upepo." Upepo haukuwepo. Ilikuwa mvua tu, mvua ya kusimama wima, ile ambayo ziwa hutuletea kila mwaka majira hayo na ambayo hata mbuzi huiona ikija.

Sikuwepo. Nilikuwa nimepanda mlimani, Fizi, kwenye kilio cha shemeji yangu, na habari ilinikuta huko kwa simu ya mtu mwingine. Mwenye pikipiki aliyenishusha aliendesha njia nzima akitazama mbele tu. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Tulipofika mvua ilikuwa imekata. Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa bati wala damu. Nilikuta ndakala, dagaa wetu wa ziwa. Asubuhi walikuwa wamekauka, wepesi kama maganda ya karanga, na sasa walielea katika dimbwi mbele ya hangari, wengi kupita kiasi, matumbo meupe juu, wakizunguka polepole kama waliorudishwa ziwani. Watu walisimama kando ya dimbwi lile na hakuna aliyelikanyaga. Waliponiona, wakanipisha.

Lazima nieleze jinsi hangari ilivyojengwa, maana asiyejua atasema mke wangu alikufa kwa bahati mbaya, na mimi neno hilo silitaki nyumbani kwangu.

Shirika moja la wageni ndilo lililoleta saruji na vyuma. Mimi nilikuwa miongoni mwa wachanganya beto, yaani zege. Kazi ya koleo haikuulizi umefika darasa la ngapi, na mimi nilifika la nne tu. Tulijenga ukuta mrefu mbele na mwingine nyuma. Katika kila ukuta, kipande cha paa kilitokeza nje ili kiwafunike wamama wanaouza, na hakikuwa na nguzo hata moja chini yake, kusudi mikokoteni ya samaki ipite. Tukakiita bawa. Bawa la mbele lilitazama barabara, la nyuma lilitazama ziwa. Kila bawa lilikaa juu ya boriti za chuma zilizotiwa mguu ukutani, na ncha ya kila boriti ilishikwa na chuma kingine, chembamba, kilichopanda kwa kuinama mpaka juu kabisa ya ukuta. Ukitazama kwa mbali ungedhani ukuta umenyoosha mikono kuwazuia watu wasidondoke.

Aliyezipiga hesabu za mikono hiyo ni Nella. Alikuja kwetu akiwa binti mdogo, na wazazi wake wakulima, wakikimbia vita vya kwao Burundi. Alisomea ujenzi Uvira, na shirika lilimpa kazi ya kutusimamia. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alivaa kofia ngumu ya manjano iliyomzidi kichwa, na wanaume walimcheka kwamba kofia ndiyo injenieri, yeye ameibeba tu.

Siku moja nilimuuliza, kwa mzaha, chuma chembamba namna ile kitabebaje bati lote lile. Wengine wangenijibu kwamba sitaelewa. Yeye aliokota mti wa jukwaa, akafunga kamba kwenye ncha yake, akaning'iniza hapo ndoo ya mchanga.

"Papa, tia muguu ya muti hapa ku mukaba yako, ku tumbo. Kamba, kamata juu ya kichwa. Juu sana."

Nilikamata. Mti ukatulia mbele yangu, umelala sawasawa, ndoo inaning'inia.

"Iko muzito?"

"Haiko muzito sana."

"Sasa shusha mukono polepole. Leta kamba mpaka ku kidevu. Lakini muti isishuke."

Nilishusha. Kabla mkono haujafika kidevuni, kamba ilianza kunikata vidole, na mguu wa mti ukanisukuma tumboni kama mtu anayetaka kupita. Wenzangu walipiga kelele. "Baba Gentille, utazaa!" Nikaachia. Ndoo ikapiga chini.

"Nani aliongeza muchanga mu ndoo?" Nella akauliza.

"Hakuna."

"Basi nini ilibadirika?"

Niliangalia mkono wangu, uliokuwa na mstari mwekundu wa kamba. Mchanga ulikuwa uleule, na mti uleule. Kilichoshuka ni mkono.

Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo nimelala nalo tangu siku ile. Alisema kitu kikitulia, watu hudhani hakuna kinachokivuta. Sivyo. Kinavutwa pande zote, kuna kinachokishusha na kuna kinachokipandisha, na kuna ukuta unaokisukuma, ila hao wote wametoshana, hakuna anayemshinda mwenzake. Kazi yake yeye ni kuwauliza mmoja mmoja: wewe unavuta kiasi gani? Akishajua, ndipo anapochagua chuma ambacho kitavutwa hivyo bila kukatika. Chuma akilala sana, alisema, anavutwa sana. Akisimama, anapumzika.

Basi vyuma vyake vilisimama. Vilipanda mpaka juu ya ukuta, na vilikuwa vinapumzika.

Kisha likaja jina.

Presida wa kamati ya hangari aliitwa Alphonse, na bado ndiye Presida, maana kwetu mtu akikalia kiti kile, kiti huota mizizi. Alikuwa amemwalika mheshimiwa fulani kuja kufungua. Mheshimiwa huyo hakuwa ameleta hata msumari, lakini alikuwa amekubali kuja, na kwa Presida hilo lilikuwa zito kuliko saruji. Mchora mabango akaletwa akaandika jina la mgeni ukutani, juu ya bawa la mbele, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, ndefu kama mtu. Alipomaliza akashuka ngazi, akarudi nyuma mpaka barabarani, na sote tukaona. Vile vyuma vya kuinama vilipita juu ya jina, kimoja baada ya kingine.

Mama Adolphine, aliyekuwa jirani ya mke wangu katika kuuza, akaanguka kicheko. "Aa! Mwalimu amesahihisha. Mheshimiwa amepata ziro!"

Presida hakucheka.

"Nella," akasema, "atafika atakuta jina yake imepigwa mistari kama kosa ya dikte ya mwanafunzi? Ondosha hii vyuma."

"Presida, haiondoke."

"Basi ishuke. Ipite chini ya jina."

"Jina ndiyo inaweza kushuka, Presida. Rangi haiko na uzito. Andikeni chini ya bawa."

"Chini? Kwenye bamama banatandika samaki?" Akatutazama sisi wote, akitafuta wa kushirikiana naye aibu hiyo. "Jina ya Mheshimiwa ivute harufu ya ndakala?"

Nella alieleza. Nilikuwa karibu, koleo mkononi, nikamsikia akisema kwamba chuma kikishuka chini ya jina, kitalala, na kitavutwa zaidi ya mara mbili ya alivyokipima. Alisema kwa upole, kisha kwa Kifaransa, kisha akaacha, maana Presida alikuwa ameanza kuzungumza kwenye simu.

Wiki iliyofuata shirika lilimwita Nella Uvira kwa mkutano. Hakukawia huko, lakini kwa aliyekuwa anamngojea aondoke, siku hizo zilitosha. Presida alimleta Lionel, mchomeleaji, mtu mwema asiyeuliza maswali ya mkubwa. Vyuma vilikatwa juu, vikafupishwa, vikachomelewa chini ya jina. Na ili hangari isionekane kama mtu mwenye nyusi moja juu na nyingine chini, Presida akaamuru vya nyuma navyo vishushwe vilevile. Huko nyuma hakukuwa na jina lolote. Yote hayo yalifanyika kabla ya chakula cha mchana.

Nella aliporudi alisimama barabarani na mfuko wake wa safari bado begani. Hakupiga kelele. Alikwenda akashika chuma kimoja kwa vidole viwili, kama mganga anayeshika mkono wa mgonjwa. Kisha akamwambia Presida kwamba hangari isifunguliwe. Presida akamwambia kwamba yeye ni mgeni hapa, tena mtoto, tena Mrundi, na mbuzi wa sherehe wameshanunuliwa.

"Basi kama mutafungua," Nella akasema, "kitu isiwekwe juu ya mabawa. Hata kimoja. Wala mutu asipande."

Hilo Presida alikubali, kwa kuwa kukubali hakukumgharimu. Mheshimiwa alifika, kwaya ikaimba, jina likasomeka kutoka mbali.

Sasa, mtu asiyetoka kando ya ziwa letu hawezi kuelewa tulivyoishi na katazo hilo. Ndakala wakianikwa kwenye mchanga huingia mchanga, na mnunuzi akitafuna mchanga harudi tena. Wakianikwa juu ya bati, chini panawaka moto wa bati na juu jua. Nusu siku wamekauka. Na sehemu nzuri kupita zote ni ukingo, kwenye ncha ya bawa, kwa sababu upepo mdogo wa ziwa hupita hapo. Tangu mama zetu, bati lolote linalofikika ni la kuanikia. Wamama walitandika vyandarua vya mbu juu ya bawa, wakamwaga ndakala, wote kwenye ncha, huko ambako vyuma vilikuwa vimeshika. Mvua ikija hawashushi, maana kushusha kunachukua muda na samaki watalowa njiani. Wanafunika turubai hapohapo juu, wanafunga pembe kwa mawe, halafu wanakimbilia chini ya bawa kungoja.

Nilimwambia Émilienne. Nilimwambia habari ya ndoo na kidevu changu.

Alikuwa mwanamke wa kucheka kwa mabega. "Baba Gentille, ile chuma inaweza kubeba jina ya Mheshimiwa na tumbo yake, itashindwa na ndakala yangu?"

"Nella alikataza."

"Nella anauza samaki? Na Presida, mbona bibi yake anaanika palepale? Kama ni hatari, yeye angejua wa kwanza."

Ndivyo walivyofikiri wote. Waliotuongoza walikuwa wanaanika pale, basi sisi nani? Lakini kila nilipopita mbele ya hangari, niliinua macho kuangalia ncha ya bawa dhidi ya mstari wa barabara. Nilianza kuiona ikiinama. Kidogo, kama kichwa cha mtu anayesinzia kanisani. Nilimwonyesha Presida. Akafumba jicho moja, akasema macho yangu ndiyo yameinama.

Mama Adolphine, aliyeponea kwa kuwa mguu mmoja tu ulikuwa ndani, ndiye aliyenieleza Jumamosi ile. Jua lilikuwa kali asubuhi, na maboti yalikuwa yamevuna sana. Bawa la mbele lilijaa kutoka pembe hadi pembe. Mvua ilipoonekana ikitembea juu ya maji, wamama walipanda wakafunika, wakashuka, wakajibana chini. Walikuwa na furaha. Mtu alikuwa na karanga. Émilienne alikuwa anaigiza jinsi ninavyokoroma. Mvua ikakaza. Juu, kati ya mawe, turubai zilianza kujaa maji, zikawa matumbo, na matumbo yale yakateremka yenyewe kuelekea ncha, kwa kuwa bawa lilikuwa limeinama. Adolphine alisema walisikia kitu kama mlango unaofunguliwa polepole na mtu asiyetaka kuamsha watoto. Émilienne akaacha kuniigiza. Akaangalia juu. "Akasema, 'Sikilizeni,'" Adolphine aliniambia, "na sisi tukasikiliza."

Chuma cha kwanza kilipokatika, mzigo wake ukahamia kwa jirani yake, naye hakuuweza, naye akauhamisha.

Walikufa wamama wengine pia. Siwataji, wana waume wao na watoto wao wa kuwataja.

Kwenye kilio, nyumbani kwangu, wakubwa walikuja na viti vyao. Walisema ni mapenzi ya Mungu. Siku iliyofuata walisema ni upepo. Ya tatu, baada ya kukutana wenyewe kwa wenyewe, walisema ni hesabu za yule binti. Hilo likashika, maana lilikuwa na sura ya mtu, na tena mtu asiye na ukoo hapa. Watu niliokula nao miaka mingi walianza kusema kwamba Barundi walitumwa kutumaliza.

Na yeye akaja. Alikuja mchana, mbele ya wote, bila kofia, akakaa mkekani pamoja na wanawake. Mmoja wa shangazi za marehemu akamwambia, "Umekuja kuhesabu waliobaki?" Nella alilia kama wanavyolia watu wa kwao, kwa sauti ya chini isiyokoma. Nilikuwa na uchungu wa kumpiga mtu, mtu yeyote, na yeye alikuwa karibu. Lakini mkono wangu ulikuwa unaujua ukweli kuliko mdomo wangu. Nikasimama nikawaambia wote: mimi nilikuwepo aliposema chuma kisishushwe. Presida, aliyekuwa amekaa chini ya kivuli, akasema, "Baba Gentille yuko na kilio. Tumusamehe."

Nilimsindikiza Nella mpaka njiani. Nilidhani atasema pole. Alisema, "Papa, ya nyuma iko vilevile."

"Najua."

"Hapana, sikia. Ya nyuma inashikwa na chuma ileile, mahali palepale. Ya mbele ilianguka kwa kuwa ilijazwa. Ya nyuma haijajazwa bado. Ni tofauti hiyo tu."

Siku zile familia yake ilipigiwa mawe juu ya bati, wakahama. Nasikia wako upande wa Tanzania. Namba ya simu aliyoniachia haiiti.

Sasa mbele hakuna bawa. Jina bado liko ukutani, safi, halina kitu kinachopita juu yake wala chini yake. Na kwa kuwa jua la Baraka halina huruma, wamama wote wamehamia nyuma, chini ya bawa lililobaki, na juu yake wanaanika kama kawaida. Binti yangu Gentille ana nafasi ya mama yake sasa. Nimemkataza. Akanijibu kwa heshima, macho chini, "Papa, nikauzie wapi?" Sikuwa na pa kumwonyesha. Mimi mwenyewe nakula kwa hao ndakala.

Nilikata miti ya mikaratusi nikaiegemeza chini ya ncha za bawa, mti kwa kila boriti. Nilipigilia vizuri. Asubuhi ya pili niliikuta imelala kando ya ukuta, imepangwa kwa adabu. Kamati ilisema inazuia mikokoteni, na tena inaharibu sura. Nikairudisha. Wakaiondoa, na safari hii wakaichoma kuni.

Nikapeleka neno kwa wakubwa: livunjeni. Wakaniambia kulivunja ni kuharibu mali ya msaada, lazima shirika liseme. Shirika lilishaondoka. Basi lazima waseme waliopokea kutoka kwa shirika. Waliopokea wakasema lazima waseme walio juu yao. Kila ninayemfikia ananionyesha juu kwa kidole, na mimi nikiangalia juu naona ncha ya bawa, na ncha imeanza kusinzia.

Majuzi waliitisha mkutano wa wauzaji, habari ya usafi. Viti vyao walivipanga mbele, barabarani, juani kabisa, pale lilipoangukia bawa la kwanza. Hawakukaa nyuma kwenye kivuli, na hakuna aliyesema kwa nini. Wakati wa maswali nilisimama. Mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya ziwa, na wamama walikuwa wanatazamatazama nyuma, kwa ndakala wao. Gentille alikuwa ameshainuka kwenda kufunika. Presida akasema, "Haraka, Baba Gentille, mvua inakuja."

Swali langu lilikuwa moja. Nimelirudia tangu siku ile kwa kila mmoja wao, njiani, kanisani, kwenye vilio vya watu, na hakuna ambaye amelijibu mpaka leo. Nilisema: Presida, ili chuma kishuke, neno lako peke yako lilitosha. Ili bawa livunjwe, tunangoja neno la wakubwa wa juu. Na lenyewe, likitaka kuanguka, litaomba ruhusa kwa nani?